Wasimamizi wa Kujitolea na Mlango wa Uani

Katika somo letu la istilahi muhula huu lilizuka neno lililotuchukua muda mrefu kuliko tulivyotazamia. Wanafunzi walitakiwa kutafuta jina la Kiswahili la yule mtu ambaye, katika majukwaa ya mazungumzo ya intaneti, hufuta matusi, hufukuza wakorofi na kuwakumbusha wengine kanuni. Mmoja alipendekeza msimamizi, mwingine mwamuzi, mwingine mlinzi wa baraza, na yupo aliyesema nyapara, watu wakacheka. Ubishi haukwisha kwa sababu kila mmoja alikuwa na picha yake juu ya kazi yenyewe: mtu huyo analipwa na nani, anamtumikia nani, na ni nani awezaye kumwondoa. Kwa hiyo tumeona ni vyema tuwaeleze wasomaji wetu kazi hiyo ilivyo, na tumechagua kisa kimoja cha Marekani cha mwaka 2023 ambacho kiliyaweka wazi maswali hayo yote matatu. Humu tutatumia neno msimamizi.

Reddit ni tovuti iliyoanzishwa mwezi Juni 2005 na vijana wawili, Steve Huffman na Alexis Ohanian, waliosoma pamoja Chuo Kikuu cha Virginia. Yenyewe haiandiki habari. Imegawanyika katika mabaraza maelfu kwa maelfu, kila baraza na mada yake: lipo la historia, lipo la wapishi, lipo la watu wenye kisukari, na lipo pia la wanaojifunza Kiswahili. Mtu anayefungua baraza huwa msimamizi wake wa kwanza, kisha huwaalika wengine wamsaidie. Hakuna anayelipwa. Kampuni ilipotoa hati zake za kuuza hisa mwaka 2024, ilieleza kwamba mabaraza yaliyo hai yalikuwa zaidi ya 100,000, na kwamba mwezi Desemba 2023 wasimamizi waliofanya kazi kwa siku walikuwa, kwa wastani, zaidi ya 60,000.

Hapa hapana budi tutofautishe. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wamesikia kesi za Nairobi za vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama kuchuja picha na video zilizowekwa Facebook, hasa baada ya Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini, kwenda mahakamani mwaka 2022. Wale walikuwa waajiriwa, na malalamiko yao yalihusu ujira na madhara ya kutazama ukatili kutwa kucha. Msimamizi wa kujitolea hana mkataba wala zamu. Anafanya kazi hiyo kwa kuwa anaipenda mada ya baraza lake, na ndiyo maana nguvu yake na udhaifu wake hutoka mahali pamoja.

Kazi yenyewe ni ya kuchosha. Asubuhi msimamizi hukuta foleni: jumbe ambazo wasomaji wamezilalamikia, jumbe ambazo mashine imezitilia shaka, barua za waliofungiwa wakiomba msamaha au wakitukana. Katika baraza kubwa foleni hiyo haiishi. Na si matusi tu. Liko baraza la AskHistorians, lililoanzishwa mwaka 2011, ambalo jibu lisilo na hoja na ushahidi hufutwa hata kama limeandikwa kwa adabu zote. Miongoni mwa wasimamizi wake wamo wanahistoria wenye shahada za juu. Kwa maoni yetu hao wako karibu zaidi na mhariri wa jarida kuliko na polisi.

Sasa tuje kwenye vyombo vya kazi, maana hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Katika nyumba za pwani mgeni hupokewa barazani, mbele. Lakini nyumba ina mlango wa uani vilevile, ambao hupitwa na jirani anayekuja kusaidia kupika, mleta maji, na fundi anayejua bomba liko wapi. Tovuti kubwa nazo zina mlango kama huo. Wataalamu huuita kiolesura cha programu. Kupitia hapo programu iliyoandikwa na mtu wa nje inaweza kuomba orodha ya jumbe mpya, kufuta ujumbe, kutuma jibu, bila mwanadamu kubofya kurasa za mbele. Reddit iliufungua mlango wake mwaka 2008 na kuuacha wazi bila malipo kwa miaka 15.

Walioingia kwa mlango huo walijenga mengi. Chombo kinachojulikana zaidi, AutoModerator, hakikutoka kwa kampuni. Kiliandikwa mwaka 2012 na Chad Birch, aliyekuwa msimamizi wa kujitolea. Baadaye Reddit ilimwajiri, na mwaka 2015 chombo chake kikaingizwa ndani ya mfumo wenyewe. Kazi yake ni kufuata kanuni ambazo msimamizi ameandika. Kwa mfano, akaunti ikiwa na umri chini ya siku tatu na ujumbe wake una kiungo cha duka, ujumbe usizuiwe moja kwa moja bali uwekwe kando mpaka mtu auangalie. Kanuni kumi za namna hiyo huondoa sehemu kubwa ya takataka kabla msimamizi hajaamka. Vyombo vya aina hii Waingereza huviita kwa neno ambalo Wakenya na Watanzania wengine wameligeuza kuwa boti. Sisi tunaandika roboti, kwa sababu boti kwetu ni chombo cha kuvuka ziwa.

Kilikuwepo pia Toolbox, nyongeza ya kivinjari iliyomwezesha msimamizi kuandika kumbukumbu fupi juu ya mtu (alionywa lini, kwa kosa gani) ili wenzake waione, na kuchagua sababu ya kufuta ujumbe kutoka orodha iliyotayarishwa badala ya kuandika upya kila mara. Ilikuwepo Pushshift, hazina iliyohifadhi jumbe za Reddit. Watafiti wa vyuo waliitegemea kwa data. Wasimamizi waliitegemea kwa jambo jingine kabisa: mkorofi huandika tusi, akafuta mwenyewe baada ya saa moja, kisha akaja analalamika kwamba ameonewa, bila hazina hiyo hakuna ushahidi. Na zilikuwepo programu za simu. Reddit haikuwa na programu yake ya simu yenye jina hilo hadi mwaka 2016, na kabla ya hapo watu wa nje walikuwa wameshaziba pengo hilo: RIF kwa simu za Android, na baadaye Apollo kwa simu za iPhone, iliyoandikwa na Christian Selig wa Kanada. Wasimamizi wengi waliofanya kazi kwa simu waliona programu hizi za nje zinawarahisishia foleni kuliko ile rasmi.

Tarehe 18 Aprili 2023 kampuni ilitangaza kwamba mlango wa uani utaanza kutozwa. Sababu iliyotolewa na Huffman, ambaye ni mkurugenzi mkuu, haikuwa ya kupuuzwa. Kampuni zinazounda programu za akili bandia zilikuwa zimekusanya mazungumzo ya miaka mingi kutoka Reddit kufundishia mashine zao, bila kulipa hata senti. Aidha, programu za nje zilionyesha maudhui ya Reddit bila matangazo ya Reddit, wakati kampuni, kwa kauli yake mwenyewe, ilikuwa bado haijapata faida. Mtu mwenye nyumba ana haki ya kuuliza nani anaingia na anatoka na nini.

Shida ilikuja na bei, na muda. Mwishoni mwa Mei Selig aliwaeleza watumiaji wake kile alichoambiwa: dola 12,000 kwa kila maombi milioni 50, yaani senti 24 za dola kwa maombi 1,000. Apollo ilikuwa ikipeleka maombi bilioni 7 kwa mwezi. Wasomaji wanaopenda hesabu wataona kwamba hiyo ni dola milioni 1.7 hivi kwa mwezi, au milioni 20 kwa mwaka, kwa programu iliyoendeshwa na mtu mmoja. Kwa kulinganisha, alisema kwamba hifadhi ya picha ya Imgur ilimtoza dola 166 kwa idadi hiyohiyo ya maombi milioni 50. Bei mpya ilikuwa ianze tarehe 1 Julai, yaani baada ya siku 30. Tarehe 8 Juni alitangaza kwamba Apollo itafungwa mwisho wa mwezi, na RIF, Sync na BaconReader nazo zikafuata.

Kampuni ilijibu kwamba vyombo vya wasimamizi havitaguswa. Kwa maandishi, ndivyo: roboti yenye kibali inayotuma maombi yasiyozidi 100 kwa dakika iliendelea bure, na hicho ni kiasi kinachozitosha roboti nyingi. Lakini msimamizi hafanyi kazi kwa roboti peke yake. Ukimwachia fundi nyundo yake ukamfungia ngazi, bado hajafika juu ya paa. Na Pushshift ilikuwa imeshazuiwa tangu mwanzo wa Mei. Iliporudishwa baadaye ilirudi kwa wasimamizi waliopewa kibali tu, na watafiti wakabaki nje.

Walioumia zaidi, kwa maoni yetu, ni wale ambao habari za magazeti ziliwataja kwa mstari mmoja. Liko baraza la r/Blind, la watu wasioona, na baadhi ya wasimamizi wake wenyewe hawaoni. Asiyeona hutumia simu kwa msaada wa programu inayosoma skrini kwa sauti. Ili programu hiyo ifanye kazi, kila kitufe kwenye skrini lazima kiwe kimepewa jina ndani ya msimbo. Kisipopewa jina, masikio husikia "kitufe, kitufe, kitufe" na hakuna namna ya kujua kipi kinafuta na kipi kinajibu. Waandishi wa programu za nje walikuwa wameshughulikia jambo hilo. Programu rasmi ya Reddit ilikuwa nyuma sana. Baada ya malalamiko, kampuni ilikubali kuzisamehe malipo programu zisizo za biashara ambazo lengo lake ni kuwafaa wenye ulemavu. RedReader, Dystopia na Luna zikapata msamaha huo. Huo ulikuwa ushindi wa kweli. Hata hivyo wasimamizi wa r/Blind walieleza kwamba kusoma ni jambo moja na kusimamia ni jingine: programu zilizosamehewa ziliwawezesha kusoma na kuandika, ila nyenzo za usimamizi ndani yake zilikuwa chache, na ndani ya programu rasmi nyenzo zilikuwepo bila majina ya vitufe. Watu walioliongoza baraza la wasioona wakawa wanahitaji mwenye macho awasaidie kulisimamia wakiwa kwenye simu. Wakajenga makao ya pili nje ya Reddit, kwa programu huria iitwayo Lemmy, ambayo yeyote anaweza kuiendesha kwenye mashine yake.

Tarehe 12 Juni 2023 mabaraza zaidi ya 7,000 yalifungwa kwa saa 48 zilizopangwa. Mengine hayakufunguliwa baada ya hapo. Wingi wa milango iliyofungwa kwa wakati mmoja uliuchanganya mfumo wenyewe, na siku ile tovuti ilizimika kwa muda. Watu waliokuwa wakitafuta kwenye Google namna ya kutengeneza mashine ya kufulia au kupanda treni Japani walibofya majibu wakakuta mlango umefungwa, na wengi kwa mara ya kwanza wakajua kwamba kuna mwanadamu anayeushika ufunguo.

Huffman aliwaandikia wafanyakazi wake kwamba dhoruba ile itapita kama nyingine. Kisha katika mahojiano aliwafananisha wasimamizi na tabaka la wenye ardhi wa Ulaya ya zamani, wanaorithishana mashamba kwa kuwa walitangulia kufika. Kwa Kiswahili tungesema mamwinyi. Tusem kweli, maneno hayo yaliwachoma kwa sababu yalikuwa na chembe ya ukweli: msimamizi wa Reddit hachaguliwi kwa kura, na asiyeridhika naye hana pa kukata rufaa ila kuondoka. Lakini mwinyi alikula mavuno ya shamba. Hawa walilima, na mavuno yalikwenda kwingine.

Basi wasimamizi waliambiwa wafungue, ama wengine watawekwa mahali pao. Baadhi walifungua na kupiga kura na wanachama wao, matokeo yakawa ya kuchekesha: baraza la picha, r/pics, lenye wanachama mamilioni, liliamua kwamba picha zitakazoruhusiwa ni za mchekeshaji John Oliver tu, na mwenyewe akafurahi akawapa picha zake. Wasimamizi wa baraza la mahojiano na watu mashuhuri walitangaza kwamba hawatawatafuta tena wageni wala kuwapangia ratiba, kazi ambayo walikuwa wameifanya bure kwa miaka. Kufikia katikati ya Julai sehemu kubwa ya mabaraza yalikuwa wazi.

Thamani ya kazi hiyo ilikuwa imeshakadiriwa mwaka mmoja kabla. Watafiti wa vyuo vikuu vya Northwestern na Minnesota, katika utafiti uliotoka mwaka 2022, walipima kumbukumbu za matendo ya wasimamizi wa Reddit wakapata kwamba kwa uchache walitumia saa 466 kila siku, kazi yenye thamani ya dola milioni 3.4 kwa mwaka, sawa na asilimia 2.8 ya mapato ya kampuni ya mwaka 2019. Tunasisitiza neno kwa uchache, kwani muda wa kufikiri na kujadiliana hauonekani kwenye kumbukumbu za mashine. Wala ubishi wenyewe si mpya. Mwaka 1999 waliokuwa wakijitolea kusimamia vyumba vya mazungumzo vya AOL waliishtaki kampuni hiyo wakidai kwamba, kwa jinsi walivyopangiwa zamu na kutakiwa kuandika ripoti, walikuwa waajiriwa. Kesi ilimalizika mwaka 2010 kwa makubaliano ya dola milioni 15.

Wanafunzi wetu watauliza: je, si kila kampuni hufanya hivyo? Twitter ilizikatia njia programu za nje Januari 2023, miezi mitano kabla. WhatsApp nayo huwafungia wanaotumia GB WhatsApp, na tunajua wapo miongoni mwao viongozi wa vikundi vyetu vya kozi. Lakini hicho ni kisa kingine. WhatsApp haikuwahi kuwafungulia waandishi wa GB mlango. Wao wameruka ukuta, na anayetumia programu hiyo hana hakika nani anasoma jumbe zake. Apollo ilikaribishwa mlangoni kwa miaka, ikiwa na funguo iliyopewa.

Mfano wa karibu wa kulinganisha ni Wikipedia, nasi katika Kiswahili tuna yetu tangu mwaka 2003. Wanaoisimamia huko huitwa wakabidhi, jina ambalo kwa kweli lilistahili kutajwa katika ule ubishi wetu: ni watu waliokabidhiwa, na hukabidhiwa na waandishi wenzao baada ya majadiliano ya wazi, na wanaweza kunyang'anywa. Mkabidhi anaweza kufuta ukurasa na kumzuia mharibifu. Mlango wa uani wa Wikipedia uko wazi. Zaidi ya hayo, Shirika la Wikimedia huwapa waandishi wa roboti mashine za kuziendeshea bila malipo. Na hata hivyo Wikimedia ilianza kutoza mwaka 2021, kupitia huduma iitwayo Wikimedia Enterprise, ambayo Google ilikuwa miongoni mwa wateja wake wa kwanza. Wanaolipa ni wakubwa wanaotaka data nyingi kwa kasi. Mwandishi wa roboti ya kusahihisha tahajia za Kiswahili halipi kitu. Kwa hiyo kutoza si dhambi. Swali ni mstari unachorwa wapi, kati ya anayekuja na lori na anayekuja na ndoo, na kama watu walipewa muda wa kutosha kuhama.

Lori nalo lilikuja Reddit. Februari 2024 shirika la habari la Reuters liliripoti mkataba kati yake na Google wenye thamani ya dola milioni 60 hivi kwa mwaka, kwa ajili ya kufundishia akili bandia, na Mei mwaka huohuo ukafuata wa OpenAI. Katikati, tarehe 21 Machi 2024, Reddit iliingia soko la hisa la New York kwa dola 34 kwa hisa. Baadhi ya watumiaji na wasimamizi walitengewa hisa kwa bei hiyo ya ufunguzi. Walitengewa wanunue, hawakupewa.

Kampuni imetengeneza pia mambo kadhaa yaliyolalamikiwa. Nyenzo za usimamizi katika programu rasmi zimeongezwa, majina ya vitufe yamerekebishwa kwa kiasi, na roboti nyingi ndogondogo sasa huandikwa ndani ya jukwaa la kampuni yenyewe, Devvit, ambako hazihitaji mashine ya nje. Ni raha kwa mwandishi, ingawa kazi yake sasa inaishi kwenye ardhi ya mtu mwingine kwa asilimia mia. Na tangu tarehe 30 Septemba 2024 kanuni ya milango imebadilika. Msimamizi anaweza bado kuzuia watu kuandika kwa siku chache kunapokuwa na vurugu. Lakini akitaka kuligeuza baraza lililokuwa wazi kuwa la faragha, kama walivyofanya Juni 2023, hutuma ombi kwa wafanyakazi wa kampuni na kungoja jibu.